Macho Yaliyosifiwa

Kiruruma, 28 Machi 1954

Mwanangu Natukunda,

Anatory wa baiskeli amenikuta shambani nimeshika jembe, akanipa salamu zako kwa mdomo, kwa kuwa anasema huko ndani walikokuweka hakuna mwanga wa kuandikia. Nimeliacha jembe hapo hapo nikaja kukuandikia. Usizicheke herufi zangu. Unajua shule yangu iliishia kwenye mafundisho ya ubatizo.

Amesema ulishikwa na homa, ikakuachia, baada ya siku saba ikarudi, ikakuachia, ikarudi tena. Hiyo ni homa ya papasi, wale kupe wa nyumbani. Wanakaa kwenye sakafu za udongo za nyumba za zamani, mtu akilala wanatoka kumuuma, na msonge wa wakwe zako ni wa zamani, hilo nililiona tangu siku ya posa nikanyamaza. Tumshukuru Mungu imekwisha. Sasa kula. Maziwa wakikuletea usiyakatae. Bibi arusi anatolewa nje amenona, hatolewi mbavu zikihesabika kama ng'ombe wa kiangazi.

Amesema tena kwamba unaona vitu vidogo vyeusi vinapita mbele ya macho kama inzi, ukivifukuza kwa mkono havipo. Mwanangu, huo ni moshi wa jiko. Na mimi nilipokaa ndani kwa bibi yako, mzaa baba yako, moshi ulinisumbua hivyo hivyo. Usimwambie mtu. Hujamaliza hata miezi mitatu kwa watu, uanze kulalamika macho? Watasema Deodatha ametuletea mtoto mgonjwa. Kumbuka nilivyokufundisha: humtazami mtu usoni, husogei mlangoni, husemi panauma, mpaka siku watakayokutoa nje kwa ngoma na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Miezi sita si mingi. Sisi wote tulikaa tukatoka.

Nakutumia siagi kwenye kibuyu. Jipake, na ujue kila nikipika nakuwekea sahani kwa mazoea, halafu nakumbuka hupo.

Mama yako,
Deodatha


Kaisho, 2 Mei 1954

Kwa Mama Egbert,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Kokubanza, mama yake Novatus, na anayeandika ni Novatus mwenyewe, mimi nasema yeye anaandika.

Nimeona nikushukuru wewe mzazi wa Natukunda ungali hai, nisingoje msiba. Wanawake wa hapa wananiuliza, huyu mkaza mwanao umemtoa wapi? Tumeona maharusi wengi wakikaa ndani. Wengine wanachungulia kwenye nyasi za ukuta, wengine wanataka kujua nani amepita. Huyu wako, mlango ukifunguliwa tu anageukia ukutani. Ukimletea chakula anainamisha kichwa, machozi yanamtoka kwa aibu. Siku ya Pasaka tulitaka kufungua pazia kidogo asikie nyimbo za kanisani zikipita njiani, akajifunika shuka mpaka kichwani. Mzee Kahigi, mume wangu, ambaye hasifu mtu, alisema: "Huyu amelelewa."

Ile homa ilikwisha siku nyingi. Papasi wa nyumba hii walimuuma kama walivyoniuma mimi nilipoletwa. Kwetu tunasema nyumba inamtambua mtu wake. Baada ya hapo hawamdhuru tena.

Ngoma ya kumtoa nje tutaifanya kahawa ikishavunwa. Uje na nguo nzuri.

Mimi Kokubanza, kwa mkono wa Novatus


Kiruruma, 9 Mei 1954

Mama Novatus mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya tano nimemsomea jirani yangu Jovitha, yule ambaye binti yake alichungulia ukutani akaonekana na wachungaji wa ng'ombe. Aliinama akaendelea kuchambua maharage yake.

Natukunda ni wangu kweli. Tangu akiwa mdogo nilikuwa nikimwambia, macho ya msichana yanakaa kwenye vidole vyake vya miguu. Kumbe alisikia! Nimelia, lakini kwa furaha. Mpe hizi kahawa za kutafuna, nimezichemsha mwenyewe na majani ya harufu. Mwambie mama yake anatembea kijijini shingo ndefu.

Mimi mkweo,
Deodatha


Kaisho, 19 Mei 1954

Mama, shikamoo.

Najua mkwe hamwandikii mama mkwe peke yake, wala hatuonani uso kwa uso. Nisamehe. Sina pengine pa kupeleka haya.

Ile barua ya tarehe mbili niliiandika kwa mkono wangu, na ilikuwa na uongo ambao sikujua kuwa ni uongo. Natukunda hageuki ukutani kwa adabu. Mwanga unamuuma. Pazia likiguswa tu ni kama umemchoma mwiba. Juzi mama alimpelekea uji, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake kimya. Natukunda alinyoosha mkono akashika hewa, kibuyu kiko pembeni. Akapapasa mpaka akakipata. Mama akaniambia, "Unaona? Hata uji hautazami." Nilisogea nikakaa karibu naye, akanyamaza kama kuna mgeni, mpaka nilipotamka neno ndipo aliponijua.

Nikasubiri mama aende kisimani, nikawasha taa. Jicho la kulia ni jekundu, mboni yake imekuwa ndogo na si ya mviringo tena, imekatika upande. La kushoto limeanza. Natukunda akasema usimwambie mtu, mama yangu alinikataza. Mama aliporudi kisimani nikamwambia. Akasema mimi ni mwanamume mchanga, sijui wanawake.

Mama, mimi si mganga. Ila najua mke wangu haoni.

Mkweo,
Novatus


Kiruruma, 24 Mei 1954

Kokubanza,

Sikusalimu. Nikikusalimu nitakuwa mnafiki na leo sina nafasi ya unafiki.

Unakaa na mtoto wangu miezi minne. Unampelekea chakula kwa mikono yako. Unakaa karibu naye mpaka unamsikia anapumua. Na hukuona kwamba haoni! Ng'ombe wako akipofuka ungejua siku hiyo hiyo, maana angejigonga kwenye ua. Wangu alijigonga wapi, wakati mmemfungia palipo giza? Machozi ya aibu! Nani amewahi kulia kwa aibu miezi miwili mfululizo? Umeniandikia sifa za ugonjwa, ukaniacha nizisome kijijini kama mpumbavu. Nimemsomea Jovitha. Nimecheka.

Na hao papasi wako wanaotambua watu, wamemtambua vya kutosha.

Nimemwandikia mwanangu Egbert, yuko Kampala, ni mhudumu wa wodi kwenye hospitali kubwa. Wewe fanya moja tu: mtoe mtoto humo ndani wiki hii, apelekwe kwa daktari. Nguo zake mwache achukue au asichukue, mimi sijali nguo. Nataka macho.

Deodatha, mama yake Natukunda


Kaisho, 31 Mei 1954

Kwa Mama Egbert,

Mwanangu amekataa kuniandikia, anasema mkono wake umechoka na maneno yangu. Haya anaandika Katekista Melkiory.

Umenitukana nami nimesikia. Mimi nilikaa ndani miezi minane, si sita, na nilipotoka jua liliniuma macho siku tatu nikapona. Mtu yeyote akikaa gizani mwanga unamchoma. Ulitaka niite daktari kwa hilo? Wewe mwenyewe ulikaa. Umesahau?

Unasema nimtoe. Nimtoe vipi? Bibi arusi anayetoka kabla ya ngoma ni yule aliyerudishwa kwao. Watu hawataniuliza macho, wataniuliza ana kosa gani. Nimemlisha, nimemkanda, nimempaka siagi kwa mikono hii. Mpaka sasa hajasema neno moja kwamba anaumwa. Muulize nani aliyemfundisha kunyamaza hivyo.

Kahawa inaiva. Imebaki miezi miwili. Tukishamtoa kwa heshima, mpeleke hata Ulaya.

Kokubanza
(Nimeandika alivyosema. Maneno mawili nimeyaacha, Mama, uniwie radhi. — Melkiory)


Kampala, 3 Juni 1954

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika jana na nimeipeleka kwa daktari wa macho nikiwa bado na sare ya kazi. Nilimweleza homa ile ya kurudi rudi, kisha wale inzi weusi uliosema, kisha uwekundu, kisha mwanga kuuma. Hakuniacha nimalize. Alisema homa ya papasi ikishaondoka mwilini inaweza kuacha moto ndani ya jicho. Nje jicho ni jekundu, lakini kazi yenyewe iko nyuma, kwenye ngozi nyembamba inayopokea mwanga. Hapo mtu hawezi kupaona kwa kutazama tu, hata akiwa na taa.

Hapa kuna mashine imeletwa mwaka jana. Inapiga picha ya nyuma ya jicho, kupitia kwenye mboni. Nimeona picha zake zikikaushwa. Wanapiga leo, wanapiga baada ya wiki mbili, wanaziweka pamoja kuona moto unapungua au unakula. Wakijua hivyo ndipo wanajua dawa iongezwe au iachwe.

Mama, daktari alisema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Usiulize ataletwa mwezi gani. Uliza ataletwa siku gani." Pitieni Murongo, mvuke mto Kagera mpaka Kikagati, kuna malori ya machimbo mpaka Mbarara, kisha basi.

Msingoje ngoma.

Mwanao,
Egbert


Kaisho, 20 Juni 1954

Kwa Mama Egbert, popote ulipo,

Melkiory anaandika na nimemwambia leo asiache hata neno.

Umekuja mchana. Watu wote wako vibanjani wanachuma kahawa, jua liko katikati, wewe unaingia uani kwangu bila kubisha. Nyumba ya mkweo! Mwanamke gani anaingia mahali mkwe wake anapolala? Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, ukampita kama unapita mti. Nimekuja mbio kutoka shambani, nimekukuta umeshapasua ukuta wa nyasi kwa panga. Kwa panga! Mlango ulikuwepo!

Umemfunika mtoto wa watu kichwa kwa kanga mbili, mwanangu Novatus akamweka kwenye baiskeli anaisukuma, mke wake amekaa nyuma kama gunia, wewe mbele na panga mkononi. Watoto wa shule wamesimama njiani kutazama. Nilipokuambia simama tuongee, ulinijibu nini mbele ya watu? Ulisema, "Ongea na papasi zako."

Nitacheka wapi mimi tena hapa Kaisho? Tundu uliloacha ukutani sijaliziba. Nataka kila anayepita aone kazi ya Deodatha.

Na mwanangu umeenda naye pia. Haya. Chukua wote.

Kokubanza
(Mama, anayosema kwa hasira nimeyaandika. Ila tangu mlipoondoka ameketi kando ya lile tundu, hali chakula vizuri. Hilo hakuniambia niliandike. — Melkiory)


Kampala, 4 Julai 1954

Kokubanza,

Nimepokea matusi yako hapa hospitali na sasa nina muda wa kukujibu, maana mchana kutwa ninakaa kwenye benchi.

Ndiyo, nilipasua ukuta. Mlangoni pako wifi zake Natukunda wawili walikuwa wameketi, wanacheka, wananiambia mama subiri kahawa. Na ndiyo, nimevunja mwiko wa mkwe, na njiani tuliulipia: kwenye basi Novatus alikaa kiti cha mbele na mimi cha nyuma kabisa, tukitaka kuambizana kitu tunamtuma Natukunda, "Mwambie mama yako kuna maji," "Mwambie mumeo ayanywe yeye." Mpaka Masaka abiria walidhani sisi ni maadui. Natukunda alicheka kidogo chini ya kanga. Nilikaribia kulia.

Sasa nikueleze wanachomfanyia, upate kujua ulikuwa umekalia nini.

Kwanza wanamtia matone ya kufungua mboni. Ya kushoto ilifunguka ikawa pana. Ya kulia ilifunguka upande mmoja, upande mwingine umegandia ndani kama uji uliokaukia chunguni. Daktari alipoona hivyo alivuta pumzi. Nilimsikia. Kisha wakatupeleka kwenye chumba cheusi, nikasema Mungu wangu, tumetoka giza tunaingia giza. Mashine iko mezani, ni ya chuma, shingo yake nene kama mtungi umelazwa. Natukunda anaweka kidevu kwenye kikombe cha chuma, kipaji cha uso wake kinaegemea kwenye mkanda. Daktari anachungulia kwa upande wake, anazungusha vigurudumu taratibu. Egbert anamwambia: dada, tazama ile taa ndogo, usipepese. Halafu inapiga, pwaa, kama radi imeingia chumbani.

Natukunda alipiga ukelele. Unajua, Kokubanza, hiyo ndiyo sauti yake kubwa ya kwanza niliyoisikia tangu aolewe. Miezi yote hiyo hamkumsikia, mnasema ana adabu.

Kesho yake walituonyesha picha. Ni kitu cha mviringo kama mwezi umejaa. Ndani yake panatakiwa kuonekana mishipa imetawanyika kama mizizi ya mgomba ukiung'oa. Ya kwanza haikuwa na mizizi. Ilikuwa ukungu mtupu, kama bonde la Kagera asubuhi. Moto ulikuwa umejaza jicho lote moshi kwa ndani. Wakamchoma sindano, wakamtia matone ya dawa mpya, kortisoni, kila saa, hata mkono wangu ukajua saa bila saa. Juzi wamepiga tena. Jicho la kushoto ukungu umepanda, mizizi inaonekana. Daktari aliziweka mbili pamoja, akanionyesha kwa kalamu, hapa na hapa. Nimeona kwa macho yangu.

La kulia ukungu umepungua pia. Ila katikati kabisa, pale daktari anaposema ndipo mtu anaposhikia sura ya mtu na herufi, kuna doa jeupe kama jivu. Hilo halitaondoka. Ataona pembeni, katikati hataona. Akikutazama kwa jicho hilo hatakuona uso, ataona masikio.

Daktari aliuliza, wale inzi weusi walianza lini? Egbert akatafsiri. Natukunda alinyamaza. Nikamjibu daktari kwamba sijui, mtoto alikuwa kwa wakwe zake. Akasema angeletwa siku alipoona inzi wa kwanza, lile doa lisingekuwapo.

Sasa lala na hilo. Kila ukila, kila ukichuma kahawa yako, kumbuka lile doa. Ni lako.

Deodatha


Kampala, 29 Agosti 1954

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya kwanza. Nimeandika herufi kubwa kwa sababu natumia jicho la kushoto, na la kulia nimelifunga kwa kitambaa lisinivuruge. Tangu urudi nyumbani kuvuna wamenipiga picha mara mbili tena. Ya mwisho daktari alisema jicho la kushoto ni safi. Ameniruhusu. Amenipa picha mbili, moja ya kila jicho. Ya kulia nimekuwekea ndani ya bahasha hii.

Mama Kokubanza alimwandikia Novatus. Amenakili maneno uliyomwandikia. Nimeyasoma yote, nimechukua siku mbili kuyasoma.

Mama, nilikuwa nimeketi pale. Kidevu changu bado kilikuwa kwenye kile kikombe cha chuma. Daktari aliuliza lini, nami nilikuwa najua siku. Nilikwambia. Nilimtuma Anatory na nikamwambia arudie maneno mara tatu asisahau: mwambie mama naona inzi weusi. Na barua yako ninayo, Novatus alinisomea wakati ule kwa sauti ndogo. Moshi wa jiko. Usimwambie mtu. Nikatii. Nilipoona mlango unakuwa mweupe na watu wanakuwa vivuli, nikatii. Nilijifunza kumjua kila mtu kwa miguu yake inavyokanyaga nyasi za sakafuni. Nilimjua Mama Kokubanza kwa kikohozi. Wewe unanisifu, yeye ananisifu, mnaandikiana, na mimi katikati nazima.

Nilinyamaza mbele ya daktari ili uone aibu useme mwenyewe. Ukasema hujui.

Sikukasirikii kwa moshi. Hukujua, hata Mama Kokubanza hakujua. Nakukasirikia kwa lile jibu. Umemtwika mwenzako doa zima akalibebe peke yake, na nusu yake ni yako.

Narudi Kaisho na mume wangu. Usije kunipokea Murongo. Novatus amekwisha kumwambia baba yake: ule msonge utabomolewa, tutajenga nyumba ya matofali mabichi yenye madirisha, na sakafu itachimbwa. Ngoma ifanywe, sikatai. Ila sitafunikwa kichwa. Nitasimama uani mchana, nitamtazama kila mtu usoni, mmoja mmoja, kwa muda ninaotaka mimi. Atakayesema sina adabu aseme nikimwona.

Na kabla ya siku hiyo, mwambie kweli Mama Kokubanza. Usiponiambia kwamba umemwambia, ngoma hiyo utaisikia kwa watu.

Mwanao,
Natukunda


Kiruruma, 12 Septemba 1954

Kwa Mama Novatus,

Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana. Karatasi za daftari zimekwisha, hii ni ya nyuma ya kalenda ya misheni.

Natukunda aliniambia. Mwezi wa tatu, kabla ya Pasaka, kabla hujaniandikia sifa. Alimtuma Anatory aniambie anaona inzi weusi. Nikasema moshi. Nikamwambia asimwambie mtu, nikimaanisha wewe. Nilikuogopa. Niliogopa mtasema nimewaletea mtoto mbovu. Kwa hiyo alipokuwa anapapasa kibuyu cha uji mbele yako, alikuwa ananitii mimi. Na daktari aliponiuliza nikasema sijui, nikakuandikia kwamba doa ni lako.

Ni langu. Ni langu kabla halijawa lako.

Usidhani nimekuja mikono nyuma kuomba. Hasira zangu kwako bado zipo, zina miguu, zinatembea. Hukumtazama usoni hata siku moja. Mwanao wa kiume alikuambia ukamcheka. Ulitaka mkaza mwana wa kusifiwa, nami nilitaka binti wa kusifiwa, tukapata. Nikikumbuka nilivyosimama mlangoni kwa Jovitha nikisoma "machozi yanamtoka kwa aibu" nataka kujipiga kofi, na baada ya kujipiga mimi nataka kukupiga wewe. Jana nilikwenda kwa Jovitha nikamwambia. Nilidhani atafurahi. Alinipa kahawa ya kutafuna, akasema binti yake aliyechungulia ukutani ana watoto wawili na anashona nguo.

Picha ya jicho la kulia ninayo. Nimeiweka juu ya meza, naitazama kila siku. Mtu asiyeambiwa atadhani ni mwezi una kovu. Nitakuja nayo siku ya ngoma, tutaishika pamoja, wewe upande mmoja mimi upande mmoja. Nitakuonyesha mishipa iko wapi na doa liko wapi, kwa kalamu, kama nilivyoonyeshwa. Nataka na wewe uione. Sitaki kuwa nayo peke yangu.

Melkiory aliniandikia pembeni kwamba ulikaa kando ya lile tundu huli. Hakutaka ujue. Usimgombeze. Ukuta nitakuja kuutazama ukibomolewa, ningependa nishike panga tena, kama mtaniruhusu.

Siku hiyo Natukunda akitoka, usimsogelee kwa upande wa kulia, hatakuona uso, ataona sikio tu. Usiite jina lake ukiwa umesimama kivulini, atakujua kwa kikohozi na amechoka kutujua kwa vikohozi. Njoo mbele yake, kwenye jua, usimame. Usiinamishe kichwa. Mwache akutazame mpaka atosheke, hata kama ni muda mrefu, hata kama watu wananung'unika.

Nami nitakuwa nimepanga mstari nyuma yako, nangoja zamu yangu.

Deodatha